Chai ya Kumuaga Fundi Vifungo

Wasomi wanasema mtu huacha kazi kwa sababu ya mshahara. Wengine wanasema ni kwa sababu ya bosi, na wapo wanaosema ni nauli. Wamesoma, tuwaheshimu. Lakini Fundi Vifungo hakuwa na ugomvi na mshahara wake, ambao ulikuwa mwembamba kama wa kila mtu, na nauli hakuijua, maana kiwanda kilikuwa karibu na nyumba yake kiasi kwamba mkewe akipiga chafya yeye husema "pona" bila kunyanyuka kwenye cherehani. Alitaka kuacha kazi kwa sababu moja tu: alitaka asifiwe.

Msimcheke, wapwa zangu. Kila mmoja wenu ana siku aliyofanya jambo zuri, akageuka nyuma kuona nani ameliona, akakuta ni mbuzi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa jengo refu la bati nyuma ya duka la saruji, na cherehani zake zilipangwa mistari miwili kama wanafunzi wanaosubiri kuadhibiwa. Walishona sare za shule. Shati lilianzia kwa fundi mkataji, aliyeitwa Baba Chaki kwa sababu alikuwa na chaki sikioni, chaki mfukoni, na asubuhi moja mkewe aliikuta chaki chini ya mto akadhani ni dawa ya mke mwenzake. Kutoka mezani kwake shati lilikwenda kushonwa mikono, likaenda kwa Dada wa Kola, na mwisho likafika konani kwa Vifungo, ambaye alitoboa vitundu na kushona vifungo. Baada yake ilibaki pasi tu, kisha kapu.

Vifungo aliiona kona yake kuwa ndiyo kichwa cha kiwanda. "Shati lisilo na vifungo ni pazia lenye mikono," alipenda kusema. Na kazi aliijua, hilo tusimdhulumu. Mtoto angeweza kuvutwa na wenzake uwanjani kwa kola, kwa mfuko na kwa mkono, akarudi nyumbani shati limekuwa kitambaa cha kudekia, lakini vifungo vyote vipo, vinang'aa, vinamtazama mama yake.

Tatizo ni kwamba kona hiyo haikumtendea haki. Dirisha lilikuwa mgongoni kwake, kwa hiyo kivuli cha kichwa chake kiliangukia sindano sawasawa, na kichwa chenyewe si kidogo. Kigoda chake kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Kila alipokanyaga cherehani, aliinama kushoto akarudi, akainama akarudi, kama mtu anayekubaliana na jambo asilolipenda. Alilalamika miaka nenda miaka rudi.

Lakini kigoda na kivuli angevistahimili. Kilichomkaba kooni ni Bi Fumua.

Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi, mama wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, na jina hilo alipewa nyuma ya mgongo wake. Mbele ya uso aliitwa Mama, tena kwa sauti ya chini. Alikuwa akichukua shati, analigeuza ndani nje, anavuta kifungo kama anayeng'oa jino, kisha lilikuwa moja kati ya mawili. Likiwa baya, anakurudishia na neno moja: "Fumua." Likiwa zuri, analitupa kapuni, kimya. Kimya kabisa. Fundi mmoja mgeni aliwahi kumwuliza, "Mama, limependeza?" Bi Fumua akamjibu, "Si liko kapuni?" Yule fundi hakuuliza tena, wala hakukaa sana.

Sasa kiwanda hicho kilikuwa na kawaida yake. Mtu akiacha kazi, Ijumaa ya mwisho jioni cherehani zilizimwa mapema, chai ikachemshwa, na anayeondoka akakalishwa kwenye kiti cha mwenye kiwanda, kile chenye mito, ambacho siku nyingine hufunikwa nailoni kama maiti ya tajiri. Halafu kila mmoja anasema jambo zuri juu yake. Anayefunga ni Bi Fumua, na kabla hajasema neno lake, anayeagwa haruhusiwi kuinuka. Iliaminika kwamba anayeinuka kabla, sindano zitamkatikia huko aendako mpaka afilisike. Mimi mjomba wenu nimeacha kazi nyingi kuliko mlizopata ninyi, na hakuna hata moja iliyonichemshia maji ya moto. Hawa walikuwa na bahati.

Balaa lilianza siku alipoagwa mpiga pasi, kijana aliyeitwa Moshi. Hilo jina halikutoka hewani. Moshi alikuwa akiweka pasi juu ya shati, anakumbuka hadithi, anaisimulia yote. Aliacha alama ya pasi migongoni mwa mashati mengi kiasi kwamba shule moja ilidhani ni nembo mpya, ikauliza kama inapatikana pia kwa sketi. Siku Moshi aliposema amepata kazi kwa binamu yake, aliwekwa kwenye kiti chenye mito kama wengine.

Bi Fumua akasimama. Akavua miwani. Akasema, "Huyu kijana ana moyo wa kazi. Ana mkono wa joto. Huko aendako wamebahatika, na sisi tunapoteza jembe. Tusimcheleweshe. Mwanangu, nenda, nenda kwa amani, wala usigeuke nyuma."

Chai ilimpalia Vifungo.

"Mkono wa joto," alimnong'oneza Baba Chaki alipopata pumzi. "Aliunguza meza."

"Nyamaza wewe, mtu anaagwa."

"Mimi tangu nimekuja hapa, huyu mama hajawahi kuniambia hata kwamba nina mkono."

Alirudi nyumbani na donge. Mkewe alikuwa barazani anasuka nywele, kichwa cha mteja kimebanwa katikati ya magoti yake, kitana mdomoni.

"Baba Watoto, mbona umenuna kama uliyemeza kifungo?"

"Nafikiria kuacha kazi."

Mke akatoa kitana mdomoni. "Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa."

"Umepata nyingine?"

"Sijapata."

"Basi umepata nini, homa?"

Vifungo akaeleza yote, Moshi, mkono wa joto, jembe. Mkewe alisikiliza huku anasuka, na kila alipochukia neno, mteja aliumia.

"Yaani unataka kuacha kazi," alisema mwisho, "ili uambiwe wewe ni mfanyakazi mzuri."

"Ukilisema hivyo linasikika vibaya."

"Lilikuwa baya kabla sijalisema. Kama shida ni sifa, ngoja ufe. Watakusifu bure, na chai nitapika mimi."

"Mimi wangu nilimsifu siku moja," alisema mteja kutoka chini ya magoti. "Mpaka leo hafanyi kitu, anasubiri ya pili."

"Umesikia?" mke akasema. "Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mimi sina mbachao. Nina kigoda, tena cha miguu mitatu na nusu. Na wewe mwenyewe, lini umenisifu?"

Mkewe akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Miaka yote hii niko hapa. Unafikiri nimekosa njia?"

Hilo lilikuwa jibu, tena kubwa, lakini Vifungo alikuwa amekasirika, na mtu aliyekasirika masikio yake hufungwa kwa ndani.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kiwanda kingine, cha Bwana Safi. Kule kulikuwa na feni na viti vya kuegemea, na mwenyewe alikuwa mtu wa tabasamu, meno yote yako kazini. Habari kwamba Vifungo amenuna zilivuka barabara kabla yake. Bwana Safi akamngojea njiani, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Fundi," alisema, "mashati yako nayajua hata nimefumba macho. Nikipapasa kifungo tu, nasema, huyu ni yule bwana. Nchi nzima haina mkono kama huu."

Wapwa zangu, ardhi ilipotea chini ya ndala za Vifungo. Kifua kilitanuka mpaka kifungo cha shati lake mwenyewe kikalalamika. Siku iliyofuata, hata hajavua kofia, alikwenda kusimama mbele ya meza ya Bi Fumua.

"Mama, naacha kazi. Ijumaa ndiyo mwisho wangu. Nakwenda kwa Bwana Safi."

Alikuwa ameandaa majibu. Akisema "kwa nini," atajibu hivi. Akilia, atajibu vile. Bi Fumua alimtazama juu ya miwani. Akageuza shati lililokuwa mkononi, akaligeuza tena.

"Yale ya kijani umemaliza?"

"Bado, Mama."

"Kamalize."

Basi. Hata kiti hakikulia.

Kwa wenzake ndiko alikojifunza kwamba mtu akitangaza safari, urithi wake hugawanywa akiwa anatazama. Dada wa Kola alichukua kikombe chake cha bluu siku hiyo hiyo. "Nakizoesha tu," alisema, "kisije kikanishangaa." Baba Chaki alitundika koti lake kwenye msumari wa Vifungo, juu ya koti la Vifungo. Mwingine alikwenda kukijaribu kigoda, akainama kushoto akarudi, akasimama haraka. "Hiki mwachieni adui," alisema.

Katikati ya wiki, saa ya chakula, Vifungo alivuka barabara kwenda kuijaribu cherehani yake mpya. Alikaa kwenye kiti cha kuegemea. Akaegemea. Feni ikampuliza kisogoni. Wakamletea shati la mvulana alitie vifungo, naye kwa utamu wa kuegemea akatoboa vitundu upande usio wake, shati la mvulana likawa linafungwa kama blauzi. Aliliona kosa alipokata uzi. Aibu ikampanda, mtu mzima kama yeye. Alikuwa anafungua mdomo aombe radhi, Bwana Safi akalinyakua.

"Safi," alisema. "Hii ndiyo kazi sasa."

"Bosi, hebu tazama upande."

"Nimetazama. Safi. Na upande wa pili pia safi."

Vifungo alidhani anatahiniwa. Lakini fundi wa jirani alileta kaptula iliyoshonewa mfuko juu chini, kiasi kwamba mtoto angetia kalamu ikaangukia kiatuni. "Safi," alisema Bwana Safi, "huyu ni mbunifu." Chai ilimwagika kwenye kitambaa cheupe. "Safi, tutakipaka rangi." Umeme ukakatika, feni ikasimama, jasho likaanza. "Safi," alisema Bwana Safi gizani, "tutapata utulivu."

Vifungo aliondoka na ganzi. Aligundua kwamba sifa za bwana yule zilikuwa kama mvua: zinamnyeshea mwenye shamba, na zinamnyeshea aliyeanika nguo. Hazikuwa na habari na mtu. Na alipofika barabarani alijikuta anawaza jambo la ajabu, kwamba lile shati kama lingefika kwa Bi Fumua, lingerudi kabla halijapoa.

Lakini angefanya nini? Mate yakishatemwa hayarambwi, na kikombe kilikuwa kimeshazoea mdomo mwingine. Akajiambia: angalau Ijumaa nitasikia neno la Bi Fumua. Neno moja, tena kutoka kwa mtu asiyegawa ovyo. Nikishalipata, nitakwenda nikaegemee mpaka nizeeke, hata mtoto wa watu akifungwa shati mgongoni.

Ijumaa ikafika. Nailoni ikavuliwa. Vifungo akakalishwa kwenye mito, amenyoa ndevu, shati lake la harusi limemkaba tumboni. Mkewe naye alikuja, akaegemea mlangoni na kitana chake, maana wake huruhusiwa kusikia ili wakathibitishe nyumbani.

Sifa zikaanza. Dada wa Kola, kikombe cha bluu mkononi, alisema vifungo vya huyu ndugu havijawahi kung'oka, isipokuwa vile vilivyong'oka. Baba Chaki alisema Vifungo alikuwa kwake kama ndugu wa tumbo moja, akajifuta machozi, akabaki na uso mweupe wa chaki kama mzimu mwenye huzuni. Vifungo alipokea yote kwa kutikisa kichwa, lakini masikio aliyaweka akiba. Alikuwa akimngoja mtu mmoja.

Ikabaki zamu ya Bi Fumua. Bi Fumua akanywa chai.

"Mama, ni zamu yako," Baba Chaki alimkumbusha.

"Nimesikia."

"Basi sema."

"Sina la kusema."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani. Bi Fumua hakuwahi kutania tangu kuzaliwa. Akanywa tena. Mkono wa saa ukasogea. Dada wa Kola akasema, "Mama, lolote tu. Sema ana afya." Baba Chaki akasema ana kikao cha ukoo na ukoo wake haungoji mtu. Chai ikapoa, ikafanya utando. Vifungo amekaa pale kwenye mito, hawezi kuinuka, hawezi kubaki, na masikio yanawaka. Kule mlangoni mkewe aliacha kucheka. Aliijua ile shingo ya mumewe inapoinama.

Mwisho uvumilivu ukamwisha.

"Mama," alisema, na sauti ilitoka kama ya mtoto, "hata Moshi ulimsifu. Moshi aliyeunguza mashati, akaunguza meza, siku moja aliunguza chai. Ulisema ana mkono wa joto."

"Si alikuwa nao?"

"Na yule fundi wa zipu aliyeagwa kabla yake. Zipu zake zilikuwa hazifunguki, watoto wakijisaidia ndani ya nguo. Ulimsifu mpaka ukalia. Mimi nimekukosea nini? Neno moja tu, Mama. Nimekaa kwenye kona ile mpaka nimeota mizizi, na sijui kama umewahi kuniona."

Bi Fumua akaweka kikombe chini, akavua miwani, na bila miwani alionekana mtu aliyechoka.

"Wa zipu nililia kwa furaha," alisema. "Moshi ningemsifu mpaka asubuhi, kama ingesaidia kumfikisha mlangoni. Wote niliowasifu kwenye kiti hiki, nilitaka waende. Huyu sitaki aende. Sasa mnataka nimsifu ili iweje?"

Kisha ikaonekana midomo inachezacheza: kila mmoja alikuwa anarudia kimoyomoyo sifa za walioagwa, mmoja mmoja. Kule mlangoni mke wa Vifungo akajipiga pajani na kitana. "Nilimwambia," alisema, "nilimwambia, akadhani ni mambo ya nyumbani."

Vifungo akasema, "Lakini hukuniambia, Mama."

"Mashati yako yako wapi?"

"Kapuni."

"Basi."

"Kapu halina mdomo."

Bi Fumua akafikiria hilo. "Kweli halina," alisema. "Lakini wewe unao. Nasikia kwa watu kigoda chako kinayumba. Tangu lini?"

"Tangu nilipofika."

"Ulimwambia nani?"

"Nimelalamika kila siku, Mama, Mungu shahidi."

"Kwa nani?"

Vifungo akatafuta kichwani. Akatafuta sana. "Kwa vifungo," alisema.

Chai ilimtoka Dada wa Kola puani. Hata Bi Fumua, wapo wanaoapa, alisogeza pembe moja ya mdomo.

"Mimi si kifungo," alisema. "Nina masikio. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndiyo maana mdomo nimeufunga. Huenda nimeufunga mno. Jumatatu utakuta cherehani yako imegeuzwa itazame dirisha. Sifa sina."

"Sasa nitainukaje hapa?" Vifungo aliuliza. "Neno halijasemwa."

Baba Chaki, kwa kuwa ukoo ulikuwa unamngoja, alitoa hukumu. "Asiyesifiwa hajaagwa. Asiyeagwa hajaondoka. Ambaye hajaondoka anakaa kwenye kiti cha bosi anafanya nini? Inuka, ndugu yangu, utaichafua mito."

Vifungo akainuka. Akainama kushoto akarudi, kwa mazoea.

"Na Bwana Safi nitamwambia nini?" alimwuliza mkewe njiani.

"Mwambie huji. Atasema safi."

Akamwambia. Akasema safi.

Jumatatu alikuta cherehani imegeuzwa, mwanga umelala juu ya sindano kama samli juu ya wali. Kikombe cha bluu kilikuwa kimerudi, mkono wake umevunjika, na Dada wa Kola hakuwa na taarifa. Baba Chaki alikuwa amekitia kigoda mguu mpya kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kuwa alizoea kukata nguo, aliacha nafasi ya mshono: mguu ulikuwa mrefu. Vifungo alipokanyaga, aliinama kulia akarudi.

Alishona huku anaimba. Alikuwa na furaha mno, na furaha si fundi. Shati la kwanza la mvulana akalitoboa vitundu upande wa blauzi. Bi Fumua alilichukua, akaligeuza ndani nje, akavuta kifungo.

"Fumua," alisema.

Vifungo alifumua uzi kwa uzi, taratibu, kama mtu anayemenya chungwa aliloletewa zawadi. Akarudia. Shati likapaa hewani, likatua kapuni, kimya. Akageuka nyuma kuona nani ameona. Wote walikuwa wameinamia kazi zao. Basi akasafisha koo.

"Mama," aliita, kwa sauti ambayo haijawahi kusikika kutoka kona ile. "Kigoda sasa kinainamia kulia."

Cherehani zote zikasimama.

"Nimesikia," alisema Bi Fumua bila kuinua kichwa, na Baba Chaki akaenda kutafuta msumeno.